Nyumba ya Mzee Wiggin

Kuna akina mama wakishatamka neno, mtoto hata aote mvi halipindui. Mama yake Austin Wiggin wa Fremont, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire, Marekani, alikuwa wa kundi hilo. Mwanawe akiwa bado kijana, alimshika kiganja akakisoma: utaoa mwanamke mwenye nywele za wekundu wa dhahabu; utapata wavulana wawili ambao mimi sitawaona; na binti zako wataunda bendi itakayopendwa. Mke akapatikana, na nywele zake zilezile. Bibi akafariki, wavulana wakaja. Mzee akapiga hesabu: mawili yametimia, la tatu ni juu yangu.

Akawatoa mabinti shule, akawanunulia magitaa na ngoma, akawatafutia na mwalimu. Dot akapewa gitaa la kuongoza na kazi ya kutunga, Betty gitaa la kusindikiza, wote wawili waimbe. Helen akakalishwa kwenye ngoma. Mdogo wao Rachel aliingia baadaye na besi. Bendi ikaitwa The Shaggs. Masomo sasa yakaja kwa posta, yakibanwa katikati ya mazoezi ya asubuhi na ya mchana. Mzee akirudi kutoka kiwanda cha pamba anataka kusikia kilichofanyika kutwa, na hapo wanapiga tena. Matembezi ya jioni hakuna, wavulana hakuna. Helen alikuja kuolewa kwa siri, akaendelea kulala kwa baba kama mwari kwa kuogopa kusema!

Jumamosi walipiga katika ukumbi wa mji wa Fremont, na vijana wenzao wakawazomea na kuwarushia makopo ya soda. Mzee hakutikisika. Machi 1969 aliwapeleka studio huko Revere, Massachusetts, kwa pesa zake mwenyewe, kurekodi albamu ya Philosophy of the World. Mafundi waliona hawajaiva. Yeye akataka wanaswe wangali wa moto. Kinachochekesha ni kwamba, kwa masimulizi ya studio hiyo, katikati ya wimbo mabinti walikuwa wakisimama ghafla: mwenzetu amekosea, tuanze upya. Mafundi wakabaki kutazamana, maana wao hawakuweza kutofautisha lililokosewa na lililopatiwa.

Sikiliza wimbo wa Foot Foot, paka aliyepotea. Gitaa la Dot linaifuata sauti yake silabi kwa silabi, likipanda inapopanda na kushuka inaposhuka, huku ngoma za Helen zikienda safari nyingine kabisa. Lakini dada hao wanakutana pale wanapotaka kukutana, na hilo halitokei kwa bahati. Wanamuziki wa majaribio wa New York na London walitoka jasho kuzisahau kanuni. Katika nyumba hii kanuni hazikuwa zimekolea.

Santuri 1,000 zililipiwa, na inasemekana karibu 900 hazikuonekana tena. Mwaka 1975 moyo wa Mzee Wiggin ukasimama, na mabinti wakaweka vyombo chini. Miaka mitano baadaye wanamuziki wa bendi ya NRBQ wakashikilia santuri ile itolewe tena, na Kurt Cobain wa Nirvana akaja kuiorodhesha miongoni mwa albamu alizozipenda kupita zote. Kwa hiyo bibi hakusema uongo. Ila wanaoisifu leo wakumbuke kwamba majaribio yale waliyalipia wasichana kwa ujana wao, na ruhusa yao haikuombwa.

Helen alifariki mwaka 2006. Dot na Betty walipanda tena jukwaani mwaka 2017 huko Massachusetts. Nyumba yenyewe iliuzwa baada ya mzee kufa. Mnunuzi akaamini mzimu wake haujahama, akajenga nyingine nyuma yake, na ile ya zamani akawapa wazimamoto wa Fremont waichome kwa mazoezi.