Magurudumu Matatu na Kona Moja

Kuanguka na baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu ni aibu ya aina yake, kwa kuwa chombo hicho huuzwa kwa watu wazima, hasa wenye magoti mabovu, kwa ahadi kwamba hakianguki. Mtu mzima wa Kambove, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyebwagwa nacho asubuhi ya leo kwenye kona ya soko, mbele ya akina mama wauza unga, huku mbeba makala akiipita kona hiyohiyo kwa magurudumu mawili na magunia yaliyomzidi kimo, anastahili maelezo ya kisayansi, maana pole amekwisha kupewa za kutosha.

Baiskeli ya kawaida hulalia upande wa ndani wa kona, hivyo uzito wa mwendeshaji na nguvu inayomsukuma nje husawazishana juu ya matairi. Ya magurudumu matatu hailali, bali husimama wima kama askari mbele ya bendera, mpaka gurudumu la ndani likaelea hewani. Isitoshe, magurudumu hayo huchora ardhini pembetatu pana nyuma na nyembamba mbele, kwa hiyo anayefunga breki katikati ya kona huupeleka uzito mbele, penye wembamba, akaanguka kwa kufuata kanuni zote. Ndiyo sababu hutafutwa kiti cha chini, betri iliyokaa baina ya magurudumu ya nyuma, na difu, yaani mkusanyiko wa gia unaoliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani.

Katika kuanguka huko kengele nayo ilivunjika. Na chombo kiliporudishwa hakikuingia ndani, maana mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba kuliko ekseli.

Lililobaki ni betri. Za risasi na asidi ni nafuu lakini nzito. Nyingi za lithiamu hutumia kobalti, ambayo Kongo huchimba zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, na Kambove ni mojawapo ya machimbo yake. Madini huondoka kwa malori, kisha betri hurudi kwa bei ambayo mchimbaji haiwezi. Hata akiipata, huikalisha bila chaji akingoja umeme, ilhali bwawa la umeme la Mwadingusha, lililojengwa kwenye mto Lufira kwa ajili ya migodi, limo katika teritwari hiyohiyo ya Kambove. Hilo halichekeshi.

Basi mnunuzi na achague chombo ambacho pedali zake hukiendesha hata betri ikizimika, akikijaribu kwenye kona kabla ya kulipa, na mwendo aupunguze kabla ya kona, si ndani yake.