Heroe Hakuaga

Mbuga ya Ziwa Nakuru ina kilomita za mraba 188, na uzio wa umeme kuizunguka yote. Vifaru waliwekwa humo miaka ya 1980 wasije wakamalizwa na majangili: mwizi yuko nje, aliyefungiwa ni mwenye pembe. Twaambiwa hawako kifungoni, ni porini huko. Haya. Hata gereza lina uwanja.

Heroe, wao ndege wa ziwa hilo, hawakuwahi kuulizwa habari ya uzio. Ziwa lilipofurika likameza hata lango kuu, magadi yakazimuliwa, chakula kikaadimika, wengi wakaruka hadi Ziwa Bogoria bila kuaga mtu. Kifaru akabaki anatazama juu. Nyani je? Huyo hutoka kwenda kula mahindi ya watu, jioni akarudi kulala ndani, kwa hiari yake.