Ukongwe wa Kushonewa

Kwa vijana wa Marekani wa miaka ya 2000, yule ndege wa nembo ya mavazi ya Hollister kifuani hakuwa mdogo. Mmoja alimwona ni hadhi. Mwenzake aliona bango linalotembea, tena limejilipia lenyewe. Kichekesho ni tarehe: fulana zilinadi mwaka 1922, ilhali chapa ilizaliwa mwaka 2000. Ukongwe wenyewe ulishonwa kwa uzi! Mwaka 2014 kampuni mama, Abercrombie & Fitch, ikatangaza kupunguza nembo; wateja walishazichoka. Walichokichoka wao, sisi tunakigombea kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Karume belo likifunguliwa, na muuzaji anapandisha bei kwa ajili ya huyo huyo ndege. Ndugu mnunuzi, kagua mshono kwanza. Nembo haizibi tundu.