Sifa za Dundu wa Maharage

Nyuki anasifiwa kwa asali, buibui kwa ufundi. Dundu wa maharage hana wa kumsemea. Najitolea mimi, maana tumekula shamba moja miaka mingi: yeye majani, mimi kilichobaki.

Kwanza, anatunza miadi. Redio ikitangaza masika tunasikiliza kwa mashaka. Yeye hatangazi kitu. Amelala udongoni tangu msimu uliopita, mtu mzima mwenye mbawa kamili, hana haraka. Mvua ya kwanza ya maana ikilowesha ardhi anatoka, na maharage yakichomoza yuko mezani, amekwisha nawa mikono. Nionyesheni mgeni wa harusi anayefika hivyo.

Pili, ni mlaji mwenye staha. Hatafuni jani kuanzia pembeni kwa pupa. Anatoboa katikati ya mishipa, tundu baada ya tundu, mishipa yenyewe anaiacha. Ukiliinua jani hilo juani unauona Mlima Meru upande wa pili. Huchagua miche michanga, ile isiyo na nguvu ya kuchipua upya, kwa kuwa anajua kilicho laini. Akihamia kwenye kunde humwachia mkulima zawadi ya virusi vya batobato, ili asiondoke mikono mitupu.

Ukimgusa anajiangusha, miguu kaikunja, maiti kabisa. Ukigeuka kumwita mtoto aje aone, marehemu kashapotea.

Na malezi! Mama hutaga udongoni karibu na shina. Wazazi wakila juu, watoto wanakula mizizi chini, pamoja na vile vinundu vinavyoupa mmea nitrojeni. Hakuna sehemu ya mharage isiyo na mlaji.

Wapo wasiomtakia mema. Hao huamka alfajiri, baridi ikiwa bado imemkaza, wakamkung'utia ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Wengine hutwanga majani ya utupa, wakayaloweka, wakachuja, wakatia sabuni kidogo ili maji yashike jani, wakanyunyiza jioni kwa sababu jua huiua dawa hiyo upesi. (Ni utupa uleule wa kulevya samaki, basi mabaki yake yasimwagwe mtoni.) Wenye roho ngumu zaidi hulima mara baada ya mavuno, wakamfunua kitandani mwake mbele ya jua na kuku.

Ukatili mkubwa kuliko wote hauna damu. Palipokuwa na maharage, panda mahindi. Anatoka kwa wakati, kama kawaida yake, na meza imeandaliwa chakula asichokila. Nimemfanyia hivyo mwaka huu, na sioni fahari.

Ila ana mbawa, na jirani yangu amepanda maharage hadi mpakani. Tulipokutana njiani nilimpongeza kwa ukarimu wake. Aliniuliza ukarimu gani.