Abiria wa Dirishani

Lynn Harrell, mpiga selo wa Marekani, hakuthubutu kuwakabidhi wapakia mizigo wa ndege selo yake. Ubao wa ala hiyo ya nyuzi ni mwembamba, na aliyewahi kuchungulia dirishani akaona masanduku yanavyorushwa hahitaji maelezo. Basi akawa anaikatia tiketi yake, kiti kizima, imefungwa mkanda.

Abiria kama huyo mtampata wapi? Hakoromi, hagombanii pa kuweka kiwiko, haombi chai, wala hasimami kushusha begi ndege ingali inakimbia uwanjani. Harrell akamfungulia akaunti ya kukusanya maili, kama wasafiri wengine wa kila siku. Mwaka 2012 shirika la ndege la Delta likazifunga akaunti zote mbili, ya selo na ya bwana wake, likawafuta kwenye mpango wa maili. Sababu? Selo si mtu! Ajabu ya utu huo: penye kulipa nauli, selo ni bwana mkubwa mwenye kiti chake, penye kugawa maili, ghafla ni mbao na gundi.

Wapiga filimbi, wenzetu, hutia ala mfukoni wakapanda zao.