Ombi la Kujengewa Mizani Njiapanda ya Kidahwe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kizuizi,
Popote ulipo kivulini.

YAH: MIZANI YA KUPIMIA FAIDA NA HASARA ZA BANGI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, sisi abiria wa njia ya Kigoma kwenda Kasulu na Uvinza tunakushukuru kwa kutulinda usiku na mchana dhidi ya viroba vyetu wenyewe. Bila wewe tungefika tuendako na mizigo ikiwa mizima, jambo ambalo lingewashtua wanaotupokea. Hatutakitaja kizuizi chako kwa jina wala kwa kilomita. Anayesafiri anakijua, na asiyesafiri ataonyeshwa na dagaa waliomwagika pembeni ya lami.

Tunaomba uwapongeze vijana wako. Juzi walimshusha mama mmoja wa makamo mwenye salfeti mbili za dagaa na dumu la mawese. Kijana akachomeka nondo yake iliyochongwa ncha katikati ya salfeti, akaichomoa, akanusa. Akachomeka tena chini zaidi, akanusa tena.

"Afande, hao ni dagaa wa Kibirizi," mama akasema.

"Nani kakuuliza?"

Nondo ikahamia salfeti ya pili. Kisha kijana akafungua dumu la mawese, akachungulia ndani kwa tochi ya simu, mchana kweupe. Bangi haikupatikana. Kwa bahati mbaya akapita mzee mmoja na baiskeli yake, mama akamsalimia kwa Kiha: "Mwakeye." Hapo upekuzi ukaanza upya, safari hii ndani ya ukoo. Wewe Mrundi? Kitambulisho kiko wapi? Babu yako alizikwa kijiji gani? Gari zima tulisimama juani tukisubiri babu wa mtu amalize usaili. Kigoma, Mheshimiwa, kiroba huulizwa kama kina bangi, na mwenye kiroba akaulizwa kama ana nchi.

Sasa tuingie kwenye ombi. Tumesikia kwamba kwa wenzetu, kabla ya kuchoma salfeti za watu, kwanza hukaa wakapima. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Malawi na Zambia zikafuata. Rwanda, ambao hakuna anayewatuhumu kwa kuchezea sheria, waliamua mwaka 2020 kuruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa za kuuza nje, huku mvutaji akibaki mkosaji kama zamani. Desemba mwaka huohuo, tume ya Umoja wa Mataifa ilikutana Vienna na kupiga kura kuiondoa bangi katika orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote: 27 wakakubali, 25 wakakataa, mmoja akajizuia. Mataifa yenye maprofesa na maabara yalitofautiana kwa kura mbili tu. Vijana wako, wenye nondo peke yake, hawana shaka hata kidogo.

Kenya nao walipima kwa njia yao. George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa, na wapiga kura wakampa chini ya asilimia moja. Kwetu, Jumanne Kishimba alipokuwa mbunge wa Kahama Mjini alilisema jambo hili la kuruhusu bangi bungeni. Tukacheka, tukarudi kwenye nondo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba tujengewe mizani pale njiapanda ya Kidahwe, barabara inapogawanyika ya Kasulu na ya Uvinza. Iwe ya chuma, yenye sahani mbili, kila moja ya kutosha lori. Umeme upo, kituo cha kupozea umeme wa gridi kiko hapohapo Kidahwe, hivyo hatutarajii kusikia habari za jenereta. Paa liwe la bati, maana mvua za huku hazina adabu, na hatutaki hasara zilowe zikaongezeka uzito. Igongwe muhuri wa Wakala wa Vipimo kama mizani ya muuza sukari. Msimamizi awe mama muuza dagaa, kwa kuwa huyo hajapunjwa na mizani tangu azaliwe. Akimwona mheshimiwa yeyote anaegemeza kiwiko kwenye sahani, ampige faini papo hapo.

Sahani ya kushoto tupakie hasara za kuihalalisha bangi, wala tusifanye hiana. Apakiwe kijana aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 15, ubongo ukiwa bado unajengeka, ambaye leo anabishana na sauti asizozisikia mwingine. Apakiwe na mama yake, anayetafuta nauli ya kumpeleka hospitali ya Mirembe, Dodoma. Apakiwe bodaboda mwenye macho mekundu aliyepakia abiria wawili. Ipakiwe hofu ya wazazi, ambayo ni nzito na ya haki. Sahani ishuke hadi igonge sakafu, na sisi tushangilie.

Sahani ya kulia tupakie gharama za hali ilivyo leo. Dizeli ya magari yanayokwenda kufyeka mashamba Tarime na Arumeru, kisha yakarudi msimu mwingine kufyeka palepale. Miaka 30 ambayo hakimu humpa mkulima wa bangi, pamoja na ugali na maharage ya miaka hiyo yote, yanayolipwa na kodi ya yuleyule mama wa dagaa. Majalada ya kesi. Saa za abiria juani. Dagaa waliomwagika, pamoja na mchanga wake. Na zile noti zinazokunjwa mara nne ndani ya leseni ya dereva: moja moja ni nyepesi, ila zikiletwa zote kwa pamoja tutaomba winchi.

Nafasi ikibaki, tuweke robota moja la tumbaku katikati, tuone litaangukia wapi. Tumbaku ni zao la kimkakati katika nchi hii, lina bodi yake na vyama vyake vya ushirika, na Shirika la Afya Duniani linasema huua hadi nusu ya wanaoitumia wasipoiacha. Lori lake likipita kizuizini, vijana wako humpungia dereva mkono.

Matokeo ya mizani yabandikwe ubaoni kama matokeo ya darasa la saba, na atakayeyabandua usiku ashitakiwe.

Mheshimiwa, ngoja tuache utani kidogo. Mwenye magunia ya bangi si mjinga wa kupanda Hiace. Kuna magari yenye vioo vyeusi ambayo vijana wako huyapigia saluti hata kabla hayajapunguza mwendo, na hayapunguzi. Mnamshusha anayeogopa. Mnachoma salfeti ya asiye na mtu wa kumpigia simu. Yule dogo mwenye rasta mnayemvua viatu mbele ya mchumba wake, mkimkuta na msokoto mmoja mnamharibia maisha, na mkimkuta hana kitu mnamwambia akae chini mpaka kitu kipatikane. Jioni mnahitaji idadi ya kuandika daftarini. Mkiikosa kwenye mizigo, mnaitafuta kwenye makaburi ya babu zetu. Aibu hiyo nani aliwahi kuipima? Kwa kilo ngapi?

Samahani, Mheshimiwa. Jua lilikuwa kali. Turudi kwenye maombi.

Yapo na madogo madogo. Tupewe risiti ya mashine kila tunapopekuliwa, ili kizuizi cha mbele kisianze upya. Nchi nzima inaambiwa idai risiti, nasi tunadai. Liwekwe benchi moja la wazee. Nondo ioshwe, kwani ikitoka kwenye magunia ya mkaa huingia moja kwa moja kwenye unga wa muhogo. Kizuizi kiwe na sindano na uzi wa kushonea salfeti, uzi tutachangia. Na kuhusu suala la uraia, tunakumbusha tu kwamba mwaka 1965 Che Guevara alifika Kigoma kwa siri, akiwa na watu wake na silaha, akavuka ziwa kwenda kupigana Kongo. Jina lake la kificho lilikuwa Tatu, na pengine Kiswahili hicho kilitosha kumpitisha. Huyo alipita. Anayetiliwa shaka ni mama wa dagaa.

Mheshimiwa, hatujasema bangi iruhusiwe. Wengi wetu hatupendi kuona watoto wetu wakivuta, na mizani ikisema ibaki haramu, tutatii bila kunung'unika. Lakini marufuku nayo ina bei, na bei hiyo wanailipa walewale kila siku, barabarani, mbele ya watoto wao. Atakayekuja kutuambia kwamba faida na hasara zimeshapimwa, wakati salfeti iliyotobolewa haikuwekwa kwenye sahani yoyote, huyo hajapima kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa kiti cha nyuma,
Kidahwe.

Nakala: Wasafiri wote wa njia hii. Mkishushwa, mwulizeni anayewapekua, kwa adabu, jina lake na sababu ya upekuzi. Kuuliza si kosa.