Sifa za Mto Uliochafuka

Nzi alishapata wa kumsifu. Katika karne ya 2 Lucian wa Samosata alimwandikia mdudu huyo sifa kwa Kigiriki, kwa unyenyekevu ambao wengine huwawekea wafalme. Muda si mrefu baadaye, Aelian wa Roma akaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoano sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo ili samaki wa mtoni adhani ni mdudu aliyeanguka majini. Tangu hapo nzi wa bandia ana vitabu vyake, vilabu vyake na wazee wa kumtetea. Tope halina mtu. Kila anayelitaja hulitaja akilalamika: limemharibia viatu, limenasa lori, limechafua maji ya kunywa. Mimi naona limeonewa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya tope la Mto Malaba, lile linaloteremka na mvua za Mlima Elgon, ni kwamba siku ile ile linapomfukuza mvuvi wa kistaarabu mtoni ndiyo siku linapomwita mvuvi wa Kocholia huko Teso, likamwonyesha saa ya kutoka, mahali pa kusimama na samaki wa kumngoja.

Tuanze na huyo mstaarabu, maana yeye ndiye aliyeliharibia tope jina. Samaki wake ni trauti, ambaye si mwenyeji wa nchi hizi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyepata umaarufu kwa kusafiri kwa miguu kutoka Cape kuelekea Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti, na vifaranga vikatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye kikajengwa kituo cha kuzalisha samaki hao Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti anataka maji baridi, maangavu, yenye hewa tele. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika. Huwinda kwa macho. Ndiyo maana uvuvi wake wote ni kazi ya kulidanganya jicho: nzi wa rangi hii asubuhi na wa rangi ile jioni, uzi mwembamba usioonekana, kivuli kisilale juu ya maji, buti lisigonge jiwe. Kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba mgeni hukodi kiongozi wa kumwambia atupe wapi na atupe nini, na sehemu kubwa ya ujira wa kiongozi huyo ni malipo ya kujua asichokijua mwenye fimbo. Kisha mvua inapiga mlimani. Maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Trauti haoni nzi, mvuvi haoni trauti, na kiongozi, kama ni mkweli, anashauri watu warudi hotelini. Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, na huyu amechagua jembe, shamba, hali ya hewa na hata rangi ya maji.

Teremka sasa hadi tambarare za Teso, ambako Malaba unakokota tope lake kati ya Kenya na Uganda, na kusini zaidi Mto Sio unafanya vivyo hivyo kuelekea Ziwa Viktoria. Huku mwenye maji ni kambale, ambaye sokoni wengi humwita mumi, na kwake maji machafu si msiba. Macho yake ni madogo, karibu ya kuwekwa kwa ajili ya adabu tu. Anachotegemea ni masharubu manane yanayopapasa na kuonja, na ngozi yenye vihisio vinavyotambua umeme hafifu unaotoka kwenye mwili wa kiumbe kingine gizani. Juu ya mashavu yake ana kiungo chenye vijitawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo dimbwi lililoishiwa hewa, ambalo lingemmaliza trauti kabla ya chakula cha mchana, kwake ni makazi ya kawaida. Anakula wadudu, vyura, samaki wadogo, mbegu, mizoga. Hana kiburi cha rangi ya nzi.

Jambo la kuliweka mbele katika kesi hii ni kwamba kambale havumilii tope tu, analisubiri. Mvua kubwa zinapoanza na mto kufurika kingo, yeye huuacha mkondo na kuingia kwenye nyasi zilizozama, penye maji ya magotini, kutaga usiku. Mayai hunata kwenye majani, na katika maji ya vuguvugu huanguliwa kwa siku moja au mbili. Anayetaka kumpata hahitaji ramani. Hutazama tope limesogea wapi: bonde lipi dogo limeingiwa na maji ya kahawia, ukingo upi una povu na takataka za nyasi kuonyesha kwamba mto umepanda leo na si juzi. Mvua iyo hiyo imewafukuza nyungunyungu kutoka ardhini, kwa hiyo hata chambo kimekuja chenyewe. Jioni ndoano inatiwa nyungunyungu mnene, uzi wa nailoni unafungwa kwenye mti uliochomekwa ukingoni, na mvuvi anakwenda kulala. Asubuhi kazi iliyobaki ni kumshika, nayo si ndogo, kwa sababu kambale hana magamba na utelezi wake ni wa kutisha; wenye uzoefu hupaka viganja mchanga au majivu kwanza, na huwa macho na ile miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Jumlisha gharama za msafara mzima. Tope, kiongozi wa safari hii, limemdai mvuvi sabuni.

Anayeona natia chumvi kuhusu deni letu kwa mafuriko na akatembelee kituo cha kuzalisha vifaranga. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuinua uchumi uliochimba mabwawa ya samaki katika majimbo mengi, magharibi ya nchi ikiwemo, na kambale akawa mmoja wa samaki waliofugwa. Ikadhihirika kile ambacho tope lilikuwa limekifanya miaka yote bila kutambuliwa. Kambale bwawani hula, hunenepa, hata hujaa mayai, lakini kwa kawaida hatagi. Anangoja mto upande, na bwawa halipandi. Basi fundi huchukua tezi ya chini ya ubongo ya kambale mwingine, akaisaga, akaichanganya na maji ya chumvi na kumdunga jike, au akatumia homoni ya kununua. Baada ya saa kumi au kumi na mbili humkamua mayai kwa mkono ndani ya beseni. Dume naye hakamuliki. Kwa kawaida huchinjwa na kupasuliwa ili mbegu zitolewe. Sindano, homoni, beseni, kisu, fundi aliyesomea, na mauaji ya baba wa familia, vyote hivyo ili kuiga kile ambacho mvua moja na tope lake hufanya usiku mmoja kwenye nyasi za Kocholia bure bilashi. Nikiwa wakili wa tope ningekomea hapa na kuketi.

Lakini kuna watakaoinuka. Wa kwanza watasema kambale mwenyewe ni samaki duni, kwa hiyo kiongozi anayetupeleka kwake ametupotosha. Ana sura mbaya, wanasema, na ni kweli; hata mimi, niliyekuja kumsifu jirani yake, sitabishana kuhusu ule mdomo. Waadventista na wengine wanaoshika mwiko wa Mambo ya Walawi hawamli kwa sababu hana magamba, na mwiko wa mtu ni wa kuheshimiwa. Unawaachia wengine vipande vingi zaidi. Ama kuhusu uduni, mfalme anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuitawala Misri nzima, yapata miaka 3100 kabla ya Kristo, alikuwa Narmer, na jina lake kwenye bamba la jiwe lililofukuliwa mwishoni mwa karne ya 19 limeandikwa kwa picha mbili: kambale na patasi. Maji ya Malaba huingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga, kisha Naili yenyewe. Trauti alipewa mito ya Nyandarua kwa hisani ya mlowezi. Kambale alikuwa kwenye jina la mfalme miaka elfu tano kabla hajaja mtu wa kumsafirisha trauti kwa meli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silichezei. Tope ni mali ya wizi. Kila ndoo ya maji yale mekundu ni shamba la mtu aliyelima kwenye mteremko wa Elgon, na ukataji miti huko juu umelifanya tope kuwa jingi kuliko ambavyo mto ungependa kubeba. Machi 2010 mlima uliporomoka huko Bududa, upande wa Uganda, ukazika kijiji. Kusini mwa Kaunti ya Busia, ambamo Teso hii imo, watu wa Budalang'i wamehamishwa na Mto Nzoia mara nyingi, na hakuna kambale wa kuwafidia. Sifa zozote zinazosahau hayo ni ulevi. Najibu hivi: mto ulikuwa ukichafuka masika kabla ya shoka la kwanza kugusa Elgon, na kambale alijifunza kutaga zama hizo, kwa tope la kiasi. Ninalolisifu ni lile. La ziada ni deni la wanadamu lililoandikwa kwa jina la mto, na anayetaka kulipunguza apande miti mlimani badala ya kuulaani mto huku chini. Misri ilijaribu njia nyingine: Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuuzuia mto mwaka 1964, tope likabaki nyuma ya ukuta, na mavuno ya sadini kwenye Bahari ya Kati mbele ya delta yakaporomoka vibaya ndani ya miaka michache, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kikifika na mafuriko. Wakulima nao wakazoea kununua mbolea. Tope la huko lilitoka zaidi Ethiopia. La kwetu, nakiri, haliendi mbali hivyo, huishia kwenye mafunjo ya Mpologoma. Hata hivyo somo la mahesabu ni lile lile: maji yakisafishwa mno, kuna anayekosa chakula.

Kwa anayehofia mvuvi kuzama, najibu kwa haraka. Mvuvi wa trauti ndiye anayesimama katikati ya mkondo kwa buti refu. Wa kambale husimama penye nyasi, na mto ukizidi hana sababu ya kuufuata, kwa kuwa samaki mwenyewe ameshauacha.

Pingamizi la tatu ndilo linalonitoa jasho. Kumvua kambale wakati wa mafuriko ni kumvua mama akiwa njiani kuzaa, na tope kwa kumwonyesha mvuvi mahali pake linafanya usaliti. Mtetezi wa kawaida angesema jike mmoja mkubwa hubeba makumi ya maelfu ya mayai, basi wachache wakiondoka hapana neno. Hoja hiyo ni ya kweli na haitoshi. Wachache wanabaki wachache pale tu mvuvi anapotumia ndoano au mgono wa kusukwa, unaoshika mmoja mmoja na kuacha njia wazi. Anayeziba mdomo wa kijito kwa wavu wa macho madogo, au kwa chandarua kilichotolewa kumkinga mtoto na malaria, hakuongozwa na tope. Aliongozwa na tamaa, na tamaa huvua hata kwenye maji maangavu. Kwa mtu huyo sina utetezi, na nadhani hata tope halina. Ila hebu tupime: uvuvi wa trauti ulihitaji leseni, vibali na walinzi wa mto ili kuwabana watu wachache wenye fimbo za bei ghali. Huku kizuizi kikubwa kimekuwa siku zote ni ufupi wa msimu. Maji yakishuka, bonde linakauka, kambale waliowahi wanarudi mtoni na waliochelewa wanakwama madimbwini, na mvuvi anarudi kwenye mtama na mihogo yake apende asipende.

Kuna na huduma moja ya tope ambayo serikali mbili hazijaishukuru. Mpaka wa Malaba umewekwa juu ya mto, na kwenye daraja malori ya kwenda Kampala hupanga foleni na karatasi zao hadi dereva akajua majina ya wauza chai wote. Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani kule Busia ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili, nayo ni hatua ya kupongezwa. Chini ya daraja, mto ukishafurika, hakuna ofisa awezaye kusema kwa hakika maji ya kahawia ya nani yameingia kwenye nyasi za nani. Kambale aliyenenepa kwa vyura wa Tororo, upande wa Uganda, hutaga Teso Kaskazini, au kinyume chake, na vifaranga wake hugawanyika kingo zote mbili kabla ya lori la kwanza kwenye foleni kupigwa muhuri.